Korongo wa Miguu Miwili

Mtambo unatikisa sakafu. Sarafu mpya zinateremka kwenye mkanda zikiwa bado na joto, na mwanamke mwenye vizibo masikioni ameziinamia kama anayechambua mchele. Vidole vinanyakua moja, vinaigeuza, vinaitupa kwenye ndoo. Ukingo umepinda. Itayeyushwa.

Wenzake katika kiwanda cha sarafu wanamwita Jicho. Ana miaka hamsini na sita, na zaidi ya nusu ya umri huo ameimalizia hapa, akihakikisha hakuna sarafu yenye kasoro inayofika mtaani.

"Kosa likinipita, silali," anasema. "Mume wangu ananitania kwamba hata sahani za nyumbani nazikagua."

Ndiyo maana agizo la mwaka jana lilimkata maini. Wakubwa wa kiwanda walitaka zipigwe sarafu chache zenye kosa la makusudi: korongo aliyechorwa kwenye sarafu, ambaye siku zote husimama kwa mguu mmoja, asimame kwa miwili. Watu wamezoea kulipa kwa simu, na sarafu hakuna anayeitupia macho. Huenda kosa, walisema, lingewarudishia hamu ya kuzitazama, hata kuzikusanya.

Siku ya kwanza, Jicho alizitupa zote kwenye ndoo.

"Sikuwa nabisha," anasema, akicheka hadi machozi yanamtoka. "Mkono ulikwenda wenyewe! Msimamizi akaja kuziokota mojamoja, ananiambia, 'Mama, leo mbovu ndizo nzuri!'"

Kwa kaka yake hakukuwa na kicheko. Kaka huyo, aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, anauza sarafu za kale kwenye kibaraza cha posta. Biashara ilikuwa imedorora. Chama chao cha wakusanyaji kilibakiwa na wazee wanne, naye alishaanza kutafuta mtu wa kumwuzia meza. Redio ilipotangaza habari za korongo, alimpigia dada yake simu.

"Ulijua?"

"Nilijua, kaka. Tulikatazwa kusema."

"Kosa la kweli ni bahati, mdogo wangu. Hili lenu la kupanga ni tangazo tu. Mmetufanya wajinga."

Akakata. Kwa wiki kadhaa hakupokea simu zake.

Wakati huohuo watu walikuwa wakipekua mikoba, makopo na mifuko ya suruali. Msusi mmoja alifika kibarazani na korongo wake, akiulizia bei.

"Hizo sinunui," alijibiwa.

Msusi hakuondoka. Macho yake yalikuwa yametua kwenye sarafu kuukuu yenye tarehe iliyopandana na tarehe. "Na hii? Nayo waliikosea makusudi?"

Muuzaji akamvutia kiti. Akamweleza jinsi sarafu ile ilivyokwama mtamboni ikapigwa chapa mara ya pili, na jinsi ilivyoponyoka macho ya wakaguzi wa zama hizo. Msusi aliinunua. Kesho yake akarudi na wateja wake, nywele za mmoja zikiwa nusu zimesukwa.

Hatimaye simu ya Jicho ikalia. "Njoo Jumamosi, mdogo wangu. Nimeelemewa."

Chama kilikuwa kimekodi ukumbi wa shule kwa maonyesho ya sarafu, na foleni ilifika getini. Jicho alipopenyeza kichwa mlangoni, kaka yake akapanda juu ya kiti. "Huyo ndiye dada yangu! Sarafu mlizoshika, zimepita mbele ya macho yake!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. "Niliona aibu, halafu nikalia kama mtoto," anasema Jicho.

Kaka mtu hajabadili msimamo. "Korongo wao haingii kwenye kasha langu," anasema. "Lakini kaniletea watu hadi mezani. Wakishafika, kazi ni yangu."

Leo chama kina wanachama zaidi ya mia mbili, na meza haiuzwi tena.

Wameshajitokeza pia wajanja wanaochora mguu wa pili kwa msumari. Jicho, anayestaafu mwakani, ameomba ule ukumbi wa shule afundishe kila Jumamosi namna ya kuwaumbua. "Mguu halali ukiupapasa umetuna," anasema. "Wa msumari umechimbika."

Mkanda unasimama kwa mapumziko. Anajinyoosha mgongo, anatabasamu.

"Maisha yangu yote nimewaficha watu makosa. Nikistaafu, nakaa nao chini, tunayatafuta pamoja."