Mama wa Chupa ya Chai Angani

Kwa miaka thelathini na minne Fundi Mlango aliishi na uongo mmoja tu, na aliutunza vizuri kuliko watu wengi wanavyotunza meno. Uongo wenyewe ni huu: kwamba milango ya chombo cha angani, katika ile tamthilia ya zamani ya televisheni, ilikuwa inafunguka kwa umeme.

Watu wa rika lake wanaikumbuka vizuri. Kapteni akiukaribia mlango, unafunguka wenyewe, anapita, unajifunga. Vingine vyote mle ndani vilikuwa aibu tupu. Vitufe vya kuongozea chombo vilikuwa vifuniko vya soda. Kuta zilikuwa trei za mayai zilizopakwa rangi ya fedha. Kiumbe wa sayari ya mbali alivaa saa ya mkononi, na jiwe moja la sayari hiyo, ambalo lilikuwa sifongo, liliwahi kupeperushwa na feni wakati kapteni anaeleza kwamba hakuna nguvu inayoweza kulisogeza. Lakini milango, watu walisema, ile milango ilikuwa kazi. Kituo cha televisheni kikampa fundi cheti, naye akakitundika sebuleni juu ya redio: Kwa Ubunifu wa Milango ya Umeme.

Umeme gani. Aliyekuwa anaufungua mlango ni yeye mwenyewe, amejibanza nyuma yake, anauvuta kwa vidole vinne vilivyotokeza ukingoni. Na kwa kuwa vidole havikuwa na pa kujificha, kila asubuhi ya kurekodi aliupaka mkono rangi ile ile ya ukuta. Watazamaji walidhani ni makomeo. Hata binti yake, aliyekulia chini ya cheti kile, alidhani ni makomeo.

Huyo binti ndiye aliyemletea habari, gazeti mkononi. Kituo kinairudisha tamthilia hewani, safari hii ikiwa imesafishwa kwa kompyuta.

"Makosa mia moja arobaini na matatu yameondolewa," akasoma. "Saa ya yule kiumbe. Vifuniko vya soda. Mwanamke anayepita nje ya chombo na chupa ya chai." Akashusha gazeti. "Baba, huyo si mama?"

Fundi alikuwa ameshainama kutafuta viatu.

Marehemu mkewe hakupenda kabisa kupigwa picha. Aliacha moja tu, ya kitambulisho, na humo amenuna kama mtu anayesingiziwa. Ila siku moja ya kurekodi, saa nne kamili, alimletea mumewe chai kama kawaida, mlinzi akampisha kama kawaida, na badala ya kuzunguka nyuma ya kitambaa cheusi chenye nyota akapita mbele yake. Kapteni alikuwa ameligeuzia dirisha kisogo, anasema kwa huzuni, "Huko nje hakuna uhai." Nyuma ya kisogo chake mama wa watu akasimama katikati ya nyota, akamimina chai. Kipande kile hakikurudiwa, kwa sababu kapteni aliapa kwamba hataweza tena kuisema sentensi ile vizuri namna ile. Zilikuwa sekunde kumi na moja. Fundi aliwahi kuwa na mkanda wake, ukaota ukungu mwaka wa pili baada ya mazishi, na tangu hapo alikuwa anasubiri tu kituo kiirudishe tamthilia hewani.

Chumba cha msafisha picha kilikuwa mwisho wa korido, kina skrini mbili, kiyoyozi cha kugandisha masikio na sahani ya karanga. Msafisha picha, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alikuwa na orodha ndefu kuliko meza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya yule mama wa chupa ya chai. Gazeti linasema umeshamfuta."

"Magazeti yana haraka. Yeye ni namba themanini na saba, namfuta kesho."

"Usimfute. Yule si kosa. Ni mkazi wa huko."

"Huko wapi?"

"Angani."

Msafisha picha akavua miwani. "Mzee wangu, huyu mama amevaa kandambili."

"Ndiyo. Kwani huko wanavaa nini? Umewahi kufika?"

Alikiri kwamba hajawahi kufika. Fundi alikuwa amejiandaa kubishana mpaka jioni, lakini alipoiona picha ya mkewe imesimama kwenye skrini, chupa kwapani, hoja zote zikamtoka.

"Ni mke wangu," akasema. "Hapo ndipo mahali pekee anapotembea bado."

Msafisha picha akamsogezea sahani ya karanga. "Pole sana, mzee. Kwa upande wangu ningemwacha apite. Tatizo ni hesabu. Bosi ameshatangaza mia moja arobaini na tatu, na atakuja hapa na kalamu kuhakikisha. Nikimwacha mama, pungufu moja, kibarua changu kimeota nyasi. Labda unipatie kosa jingine, ambalo halimo humu."

Fundi akaisoma orodha yote, mstari kwa mstari. Hawakubakiza kitu, watu wale. Uzi wa kuning'inizia chombo ulikuwemo. Nzi aliyetua kwenye jua alikuwemo. Kuku wa mlinzi alikuwemo mara mbili. Alipofika mwisho akashika tama. Kosa moja lililobaki alikuwa analijua, na lilikuwa kwake sebuleni, ndani ya fremu, juu ya redio.

"Milango," akasema.

"Milango ina nini? Ndicho kitu pekee kinachofanya kazi humu."

Fundi akaweka mkono wa kulia mezani, akakunja vidole vinne kama anavuta kitu. Aliona haya mpaka shingo ikamwasha. "Yale makomeo," akasema. "Si makomeo."

Msafisha picha akautazama mkono, akaitazama skrini, akarudi kwenye mkono. Akajizuia kucheka, akashindwa, akaomba radhi, akacheka tena. Kisha akaikata namba themanini na saba na kuiandika upya: vidole vya fundi, rangi ya fedha, vifutwe kila vinapoonekana.

"Kompyuta itavisaka yenyewe," akasema. "Mama abaki."

Nyumbani fundi akakitungua cheti, akamweleza binti yake ukweli wote akiwa amesimama. Binti alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akakitundika tena, eti ukuta unabaki na doa.

Jumapili alasiri wakakaa mbele ya televisheni. Kapteni akaukaribia mlango, ukafunguka, na safari hii ulifunguka wenyewe kwelikweli, bila komeo wala kidole. Kiumbe hakuwa na saa. Jua halikuwa na nzi. Mbingu nzima ilikuwa safi, inachosha macho. Kisha kapteni akasema huko nje hakuna uhai, na mama akaingia na kandambili zake.

Akamimina chai, akakinyoosha kikombe pembeni. Kikombe kikamtoka mkononi, kikaelea chenyewe kati ya nyota, polepole, bila kumwaga hata tone, mpaka kikaishia ukingoni mwa dirisha.

Fundi alikuwa amesahau kwamba aliyekipokea ni yeye, kutoka nyuma ya mlango uliokuwa kando ya dirisha, kwa mkono uleule wenye rangi. Miaka yote alikuwa anamtazama mkewe tu, hakuwahi kujitazama. Sasa mkewe alikuwa anacheka na hewa.

"Baba, anamcheka nani?"

"Mimi. Nilimwambia asiniguse, rangi haijakauka. Akanigusa makusudi."

Binti akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Mama alikuwa anaondoka, anajifuta mkono kwenye nguo.

"Ndiyo maana," akasema. "Kidole chake kimoja kinang'aa."

Fundi akavaa miwani, akainama kando ya binti yake. Kompyuta ilikuwa imeambiwa ifute vidole vya fundi, na hicho hakikuwa cha fundi. Rangi tu ndiyo ilikuwa yake.