Lavon Alikataa Kupiga Makofi

Watu wa Cutler wanasema Lavon Satterwhite aliponzwa na ukaidi, na kwamba ukaidi huo aliupata kwangu. Waseme. Mimi ndiye niliyemlea tangu mdogo wangu Lurlene, mama yake, alipofariki. Nilimlisha, nilimchapa, jezi zake za shule nilizifua kwa mkono mashine ilipokufa. Habari zake nazijua kuliko hao wanaoshinda kwa kinyozi wakizichambua.

Lavon alikuwa mrushaji. Katika mpira wetu huu wa Kimarekani, wa kushika kwa mikono, mrushaji anasimama nyuma ya wale watano wanene wa mbele tunaowaita ukuta. Anatoa mwito, wa katikati anampitishia mpira kati ya miguu, vurugu inaanza, na hapo ndipo anaamua amrushie nani. Ukuta haupaswi kutikisika kabla mpira haujatoka. Akitikisika hata mmoja, refa anatupa kitambaa cha manjano na timu inarudishwa yadi tano. Na wapinzani vivyo hivyo. Wakiruka mapema, zile yadi tano ni zako bure.

Mkono wa Lavon ulikuwa wa kawaida tu. Wenye mikono mizuri kuliko wake wamejaa Alabama hii, wanapanga makopo madukani. Yeye alikuwa na sauti. Na sauti yenyewe ilikuwa ya baba yangu, mzee Hezekiah Crum, aliyekuwa mwitaji wa genge la reli. Reli ikipinda, wanaume walishika mitaimbo wakasukuma kwa pamoja, na baba ndiye aliyewaimbia ili wasukume wote mara moja. Kabla ya neno la mwisho alikuwa anazuia pumzi. Kidogo tu. Waliomzoea walingoja. Mgeni alisukuma peke yake akateguka kiuno, na wenzake wakamcheka mpaka jua likazama. Baba alikufa Lavon hajazaliwa, lakini mwito ule niliushika mimi, na mtoto nilimfundisha hapa uani nikianika nguo.

Akaenda nao uwanjani. Anaita, anaita, anazuia pumzi, na majitu ya upande wa pili yanaruka kama yamemwagiwa maji ya moto. Sauti hiyo ilimfikisha ligi kubwa. Alikaa huko miaka tisa, mingi yake ya benchi, ila msimu mmoja kule kaskazini kwenye theluji aliongoza yeye, na jiji zima likamjua kwa jina. Halafu bega likachanika. Wakamshona, wakamshukuru, wakamwacha. Mke naye akabaki huko huko kaskazini.

Alirudi Cutler akapata kazi kiwanda cha mbao. Alikuwa na miaka thelathini na sita, ameshaanza kutembea kama wenzake wa kiwandani, kichwa chini, ndipo ilipokuja simu kutoka Mobile. Kulikuwa na timu mpya huko, Mwari wa Mobile, kwa jina la yule ndege, ya ile ligi ndogo inayochezwa majira ya kuchipua. Wanatafuta mrushaji mzoefu, aje ajaribiwe. Ligi kubwa huwa inawatuma watu wake kutazama michezo hiyo. Akipata nafasi Mobile, wataona bega limepona. Asipoipata, basi. Mtu wa umri ule hapigiwi simu ya pili.

Msimamizi wa kiwanda alimwambia, "Ukitoka mlangoni, Satterwhite, Jumatatu nafasi yako ina mtu."

Lavon akatoka mlangoni.

Jumapili ya kwanza alikuja kula. Nilikuwa nimepika kambare na sukuma yenye mfupa wa nguruwe.

"Wanasemaje huko?" nikamuuliza.

"Wananiita babu. Nikiinama kufunga viatu wanauliza kama waite gari la wagonjwa."

"Waache watoto. Na kocha?"

Akaisukuma sahani. "Kocha Kessler anataka nipige makofi."

"Makofi? Kafanya nini cha kupigiwa makofi?"

Akacheka, ila hakucheka kwa moyo. "Siyo ya kumshangilia, Mama Mkubwa. Siku hizi hawaiti. Mrushaji anapiga kofi moja, pa, mpira unatoka. Hawa watoto wamekua hivyo, wamesoma vyuo vya hivyo. Mimi nikiita, ukuta wangu mwenyewe unaruka. Kuna kijana tunagombania naye nafasi, Crabtree, ndevu hata hazijashikana. Akipiga kofi lake hawatikisiki."

"Makofi tunapiga kanisani," nikamwambia. "Mweleze huyo kocha kwamba babu yako alinyoosha reli kwa sauti."

"Nimemweleza."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza reli gani."

Nilikasirika mpaka nikaunguza mkate wa mahindi. Nikamwambia asikubali. Nasema tena hapa, nilimwambia asikubali, na leo ningemwambia hivyo hivyo. Mtu ana kitu kimoja duniani, halafu unamwambia akiache mlangoni ndipo aingie? Aingie na nini?

Jumapili ya tatu akaja na jitu. Lilipita mlangoni ubavu.

"Huyu ni Dewitt Askins," Lavon akasema. "Anasimama kushoto kwenye ukuta. Ananilinda mgongo."

Dewitt alikuwa mtoto wa wakulima wa karanga kule Georgia, ana adabu kama amelelewa na mchungaji. Alikaa kwenye kiti, kiti kikavunjika.

"Samahani sana, Bi Odessa."

"Kilikuwa kibovu," nikasema. Hakikuwa kibovu.

Tulipomaliza kula akamgeukia Lavon, akasema, "Haya, kaka. Nifundishe kukusikia. Mimi sitaki kuruka."

Wakatoka uani. Dewitt akainama, ngumi moja chini. Lavon akasimama nyuma yake, akaita. Mara ya kwanza kijana aliruka, akakumbatia kamba yangu ya nguo. Mara ya pili akaruka tena. Nikawapigia kelele kutoka kibarazani, "Usisikilize maneno, wewe! Sikiliza pumzi!" Akasikiliza pumzi. Lavon anaita, anazuia, kisha neno la mwisho, na kijana anaondoka kama kafyatuliwa, sawasawa, wala hatangulii wala hachelewi. Jioni ile na Jumapili zilizofuata ikawa hivyo kila mara. Pumzi, halafu ondoka. Yule kijana alipendeza kumtazama. Niliona genge la baba yangu limefufuka uani kwangu.

"Na wale wanne wengine?" nikauliza.

Lavon ndiye aliyenijibu. "Wanasema hawana haja ya kujifunza sauti ya mtu anayepita."

Kabla ya mchezo wa mwisho wa majaribio, ule ambao baada yake wanachagua wa kubaki, kocha alimwita Lavon. Akamwambia, "Mzee, ukipiga makofi nafasi unayo. Unausoma mchezo kuliko Crabtree, hilo naliona. Ukitaka kuita, ita. Lakini wakiruka, usije kwangu na hadithi za reli."

Lavon akasema ataita.

Shemasi Purvis wa kanisani kwetu ndiye aliyenipeleka Mobile kwa gari lake. Ni mtu mwema akiwa amenyamaza. Njia nzima alikuwa ananichokonoa.

"Dada Odessa, mwambie kijana apige kofi moja tu. Mungu hatakasirika."

"Shika usukani, Shemasi."

"Mimi nasema tu. Kofi moja."

"Nitakupiga wewe hilo kofi moja, ujue linavyosikika."

Wageni walikuwa timu ya Memphis. Nusu ya kwanza walimpa Crabtree. Anapiga kofi, mpira unatoka, na kila mara Dewitt anachelewa. Wenzake wameshaondoka, yeye bado ameinama. Mara mbili jamaa wa Memphis walipita upande wake wakamlaza Crabtree chini. Watu wakaanza kumzomea. "Namba sabini na tano! Unasubiri barua?" Mimi nilijua anasubiri nini. Masikio yake yalikuwa yanangoja pumzi, na kofi halina pumzi.

Nusu ya pili akaingia Lavon. Nitasema ukweli, hata Purvis atashuhudia, mwanangu alicheza. Wale wanne waliruka mapema mara kadhaa, vitambaa vya manjano vikaanguka, na kila akirudishwa nyuma alirusha akasogea tena. Bega lilikuwa zima. Dewitt kwake alikuwa ngome, hapiti mtu. Mwishoni tulikuwa nyuma kwa pointi nne, saa inayoyoma, mpira uko karibu na mstari wao. Jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho, na ilibaki yadi mbili. Wakipata mbili wanaendelea. Wasipopata, mpira ni wa Memphis na kila kitu kimekwisha.

Hapo Lavon akawakusanya. Aliyowaambia nilikuja kuyasikia kwake mwenyewe. Aliwaambia, "Mpira hautoki. Nitaita tu. Mtu asisogee. Memphis wakiruka, tuna yadi tano za bure. Wasiporuka, nitaomba mapumziko tupange upya."

Ndiyo mbinu yake ya miaka yote, iliyompeleka kaskazini na kumrudisha. Akasimama nyuma ya ukuta. Akaita. Uwanja ulikuwa nusu mtupu, nilimsikia vizuri kutoka juu nilikokaa. Sauti ile ile. Akaita, akaita, akazuia pumzi.

Memphis hawakuruka. Hata mmoja. Nao ni watoto wa makofi, wamefundishwa kukodolea mpira macho, sauti ya mtu kwao ni upepo. Wale wanne wa kwetu hawakutikisika pia. Walishaambiwa mpira hautoki, na pumzi yake hawakuwahi kujifunza kuisikia, wakasimama kama nguzo.

Dewitt akaondoka.

Akili yake ilijua mpira hautoki, maana alisema ndiyo walipokusanyika. Mwili ndio ulioondoka. Ulisikia pumzi ukafanya ulichofundishwa uani kwangu. Alifika katikati ya wale wa Memphis akasimama peke yake, akageuka kumtazama Lavon. Kitambaa cha manjano kikaanguka miguuni kwake.

Purvis akafungua mdomo. Nikamwambia, "Thubutu." Akaufunga.

Zile yadi mbili zikawa saba. Lavon akarusha, mpira ukamgonga mpokeaji vidoleni ukaanguka chini. Memphis wakashangilia.

Asubuhi yake msaidizi wa kocha akapita vyumbani. Akifika kwa mtu akasema, "Kocha anakuita, njoo na kitabu chako," mtu huyo anajua amekwisha, maana kitabu cha mbinu ni mali ya timu na huachiwi ukiondoka. Lavon alikuwa ameshakiweka kitandani na viatu amevaa. Hakutegemea kingine. Ambacho hakukitegemea ni kumkuta Dewitt kwenye korido, kitabu mkononi, analia bila kujificha.

Lavon akaingia kwa kocha bila kubisha.

"Kijana mwache," akasema. "Mimi ndiye niliyemharibu. Mpe wiki mbili na Crabtree atazoea kofi."

Kessler hakuwa hata na hasira, Lavon anasema. Ingekuwa afadhali. Alikuwa anakunywa kahawa. "Mzee, kwa Crabtree anachelewa, kwako anawahi. Nimfanye nini? Nimekwishaandika majina. Wote wawili."

"Ni yeye peke yake aliyejifunza, kocha."

"Ndiyo hivyo," Kessler akasema. "Kajifunza kwako."

Lavon alimpeleka Dewitt mpaka kwao Georgia kwa gari. Mamake alimpokea mwanawe, Lavon akamwambia "pole mama," na mama yule akamjibu "ahsante kwa kumleta" na kufunga mlango. Hakumkaribisha hata maji. Kijana anavuna karanga sasa. Timu nyingine hazikumtaka. Walitazama ule mchezo kwenye video na wote waliona kitu kimoja, jitu limesimama peke yake katikati ya Memphis.

Nilimwambia Lavon kosa ni la kocha. Kocha wa kweli angewaketisha wale wanne wafundishwe kusikia. Angalau huyo mmoja angetunzwa kama dhahabu. Bado nasema hivyo, na mwenye la kupinga aje kibarazani anipinge.

Lavon hakunipinga. Alisema tu, "Mama Mkubwa, ningepiga kofi, yule mtoto angekuwa na kazi." Akanyanyuka, akaosha sahani yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya nyumbani kwangu.

Kule kiwandani nafasi yake ilikuwa na mtu kweli. Akapata kazi ya kuendesha lori la gesi, anajaza matangi kwenye nyumba za huku mashambani. Zamu ya barabara yetu ni yake. Lakini hasemi. Kanisani hata kwenye nyimbo anachezesha midomo tu. Mtu ambaye nilikuwa namsikia tangu kule darajani akiita mbwa!

Akifika kwangu na lori, geti langu lina kufuli, na kabla sijafungua haingii. Anapiga honi. Mara ya kwanza nilidhani ni mgeni. Nilipochungulia dirishani nikamwona ni yeye, ameketi, mkono kwenye usukani, anatazama mbele.

Honi siitikii. Tangi limekauka wiki ya pili sasa, napikia kuni nyuma ya nyumba, na Purvis anapita kila siku kuniambia nitakufa na moshi. Funguo ninazo mfukoni mwa aproni. Lavon akitaka geti lifunguliwe, anajua ninavyoitwa.