Siku Niliyohesabu Kura za Kumng'oa Mwenyekiti

Kura kumi na moja. Wapiga kura kumi na mmoja.

Nilizihesabu mara tatu, na kila nilipomaliza nilitamani kucheka na kujificha chini ya meza kwa wakati mmoja.

Maana ndani ya ile katoni nilikuta kitu ambacho sijawahi kukiona tangu nizaliwe. Na kilinitoa kazini kabla hata ya chakula cha mchana.

Ngoja nianze mwanzo, msije mkadhani natunga.

Mimi ni mchapaji. Miaka kumi na mitatu nilikaa makao makuu ya chama chetu, ghorofa ya pili, chumba kinachotazamana na choo. Hotuba, mihtasari ya vikao, barua za pongezi, barua za kuonyana, zote zilipita kwenye vidole vyangu. Wakubwa waliandika kwa mkono, mimi nikachapa. Wakanibatiza Dada Chapa.

Mwenyekiti wetu tulimwita Nguzo. Jina hilo alijipa mwenyewe mkutanoni, halafu akajifanya kushangaa watu walipolishangilia.

Mwaka huo Nguzo alikuwa taabani.

Chaguzi ndogo saba, tumepigwa zote saba. Ile ya mwisho ndiyo ilituvua nguo kabisa. Mgombea wetu alishika nafasi ya nne kati ya wanne, nyuma ya jamaa aliyejitoa wiki mbili kabla na kwenda zake kusalimia ndugu.

Hata mume wangu, fundi friji, mtu asiyejua siasa wala kutaka kuijua, aliniuliza mezani, "Mke wangu, hicho chama chenu kikifa, lile friji la mapokezi mtamwachia nani?"

Nilimnunia. Lakini kimoyomoyo nilijua friji lile lina afya kuliko chama.

Basi kukawa na kambi mbili.

Kambi ya kwanza ni ya Makamu Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, suruali imenyooka kama rula. Kila Jumatatu yuko redioni. "Mwenyekiti ajiuzulu leo. Si kesho. Leo!"

Kambi ya pili ni ya msemaji wa chama, ambaye sisi wafanyakazi tulimwita Honi. Kila Jumanne naye yuko redioni. "Nguzo akiondoka, mimi nitalala katikati ya barabara, magari yanipite juu!"

Redio ilifaidi. Chama kikazidi kukonda.

Uchaguzi mkuu ulibaki miezi minne, na kila aliyekuwa na macho alijua tunakwenda kuchapwa. Ndipo Kamati Kuu ikaitishwa. Saa tatu asubuhi, chumba cha mikutano, ajenda moja: Nguzo abaki au aondoke?

Mimi niliitwa kuandika muhtasari. Nilikaa kona yangu na daftari langu.

Chini, mbele ya jengo, vijana wa chama kama hamsini hivi walikuwa wamejipanga na fulana za picha ya Nguzo. Picha ya zamani, ana nywele.

Makamu alianza. "Mzee wangu, nakuheshimu kama baba mzazi. Lakini chama kinazama. Pumzika, utuachie mzigo."

Honi akaruka kabla mwenzake hajakaa. "Mzigo aubebe nani? Wewe? Wewe hata begi lako unabebewa!"

Watu wakaguna. Nguzo akanyoosha mkono, chumba kikatulia.

Alikuwa amechoka, mzee wa watu. Macho mekundu, koti limekuwa kubwa kuliko mwili. Nilimwonea huruma kwa kweli.

"Wanangu," akasema, "mimi sing'ang'anii kiti. Pigeni kura ya siri. Mkisema niende, naenda leo hii."

Honi akapiga magoti pale pale kwenye zulia. "Usiseme hivyo baba! Utatuua!"

"Inuka," Nguzo akamwambia. "Unachafua suruali."

Wakanigeukia mimi. Dada Chapa hana kambi, Dada Chapa ahesabu. Makamu akakubali, Honi akakubali.

Nilichukua katoni ya karatasi za printa, nikaitoboa tundu juu kwa mkasi. Nikakata karatasi vipande kumi na kimoja. Nikagawa kalamu za bluu za aina moja, asijulikane mtu. Andika ABAKI au AONDOKE, kunja, tumbukiza. Nguzo naye ni mjumbe, kwa hiyo naye akapiga.

Nikamwaga kura mezani mbele yao wote.

Sasa sikilizeni.

Hao wakubwa walisahau kitu kimoja. Kalamu zilifanana, lakini mikono haikufanana. Miandiko yao nimeisoma miaka kumi na mitatu. Hati ya mtu naijua kuliko mke wake anavyoijua sauti yake.

Nikafungua ya kwanza: AHONDOKE.

Nilishika meza.

Kuna mtu mmoja tu katika chama kile aliyekuwa akichomeka herufi H kila mahali. Kila tamko lake nililichapa huku nikizing'oa: "wahandishi wa habari", "hamani na hutulivu", "hadui zetu". Nilimtazama Honi. Bado goti lake lina vumbi la zulia, na machozi yanamlengalenga.

Nikaiweka upande wa Aondoke. Nikaendelea.

Ya nne ilikuwa na herufi ndogo nzuri za ubaoni, na mwisho wake nukta. Neno moja tu, lakini yeye angeumwa kama asingeweka nukta. *Abaki.*

Makamu! Huyu wa "si kesho, leo"!

Nikaendelea.

Ikafika ya mwisho, na hapo hesabu zimesimama tano kwa tano.

Nikaifungua. Wino umekandamizwa mpaka karatasi imetoboka, kwa sababu mwandishi wake tangu augue, mkono wake ulikuwa unatetemeka, na alikuwa anaudhibiti kwa kukandamiza. Rasimu zake zote zilikuwa hivyo. Nilikuwa nazisoma hata kwa kupapasa nyuma.

AONDOKE.

Nguzo alikuwa amejipigia kura ya kujitoa.

Nikahesabu upya. Nikahesabu tena. Halafu nikasimama, sauti ikanitoka kama ya mtu mwingine.

"Abaki, tano. Aondoke, sita."

Nikainua macho.

Nilidhani Makamu atashangilia. Wapi! Uso ulimbadilika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu kwenye basi, na mama yake kashuka. Katiba ya chama iko wazi: mwenyekiti akitoka, makamu anakaimu papo hapo. Maana yake kile kipigo cha miezi minne ijayo kilikuwa chake. Yeye alitaka kulalamika, hakutaka kurithi.

Akasimama haraka. "Nina hoja ya utaratibu! Karatasi zilikatwa na nani? Zilikuwa na mhuri?"

Honi naye, ambaye kura yake nilikuwa nimeishika kwa vidole hivi hivi viwili, akapiga yowe. "Mzee ameibiwa! Ameibiwa mchana kweupe!"

Akakimbilia dirishani, akalifungua, akawapigia kelele vijana wa chini. "Wanamwibia Nguzo!"

Vijana wakalipuka. Nyimbo zikapanda mpaka ghorofani. *Nguzo! Nguzo! Bila Nguzo paa litaanguka!*

Nilimwangalia mzee. Mgongo uliokuwa umepinda ukaanza kunyooka, pingili kwa pingili. Akarekebisha kola. Macho yakapata maji.

Nikajua tumekwisha. Kwa usahihi zaidi, nimekwisha.

"Dada Chapa," Makamu akaniambia kwa upole wa kutisha, "ulihesabu peke yako?"

"Mbele ya macho yenu, mheshimiwa."

"Umetumwa na nani?" Honi akadakia. "Sema! Nani amekununua?"

Miaka kumi na mitatu. Nimewafichia aibu za tahajia, nimewaandikia rambirambi za misiba ya watu wasiowajua, leo naitwa mwizi. Damu ikanipanda kichwani.

"Kama mnaona nimechakachua," nikasema, "hakuna shida. Naweza kuwaambia kila karatasi imeandikwa na nani. Moja baada ya nyingine. Miandiko yenu naijua."

Ndugu zangu, sijawahi kusikia chumba kikinyamaza vile.

Watu wazima kumi na mmoja, hakuna anayepumua. Mmoja alianza kusoma ajenda aliyoishika kichwa chini. Nikamtazama Nguzo, nikimwomba kwa macho: mzee, sema neno moja tu.

Nguzo akatazama feni ya darini.

"Hapana!" Honi akapiga meza. "Kura ni siri! Huo ni uhaini!"

"Siri ya kura ni nguzo ya demokrasia," Makamu akaunga mkono. Mara ya kwanza katika miaka miwili nawaona wanakubaliana jambo.

Kabla sijakusanya zile karatasi, Honi akazikomba zote kwa mikono miwili na kuzitumbukiza kwenye jagi la maji. Akazivuruga kwa kalamu. Maji yakawa ya bluu. Kamati Kuu nzima ikatazama jagi kwa faraja kubwa.

"Tupige kura ya wazi," akasema mtu. "Anayetaka mzee abaki anyooshe mkono."

Mikono kumi ikapanda kama inavutwa na kamba moja. Nguzo akaangalia kulia, akaangalia kushoto, naye akanyoosha wa kwake taratibu, ukitetemeka.

Kumi na moja kwa sifuri. Makofi. Vigelegele. Honi akalia machozi halisi.

Azimio la pili lilipita bila mjadala: mchapaji aachishwe kazi kwa kujaribu kuhujumu matokeo.

Shida ikawa moja. Nani ataichapa hiyo barua?

Wakatazamana.

Basi niliichapa mwenyewe. Honi aliandika rasimu, nami nikaketi kwenye kiti changu kwa mara ya mwisho nikachapa kwamba mimi si mwaminifu. Nilimsahihishia hata "huaminifu". Mkono ulizoea.

Nikaipeleka ofisini kwa Nguzo isainiwe. Tulikuwa wawili tu. Nje bado wanaimba.

"Binti yangu," akasema bila kuinua macho, "uliiona ya kwangu?"

"Niliiona, mzee."

Akashusha pumzi. "Nilitaka wanitoe wao. Nikiondoka mwenyewe wataniita mwoga. Wakinitoa, nakuwa nimeonewa. Mtu aliyeonewa huheshimika."

"Sasa walikutoa. Kwa nini hukusema?"

Akaizungusha kalamu vidoleni. Halafu akasema kama mtoto, "Hukusikia walivyokuwa wanaimba?"

Akakandamiza kalamu, akasaini. Wino ukatokea upande wa pili.

Nilifungasha vitu vyangu: kikombe, sweta, kamusi. Mume wangu aliponiona nimerudi saa saba mchana alianza kutania, akaona uso wangu, akaacha. Akanitengenezea chai yeye mwenyewe. Mbaya, lakini nilikunywa yote.

Uchaguzi ukaja. Hatukupigwa, tulifagiliwa. Hata jimbo lake mwenyewe Nguzo alilipoteza. Kesho yake Makamu alikuwa redioni, sauti inatoka vizuri kabisa: "Niliwaambia! Ajiuzulu leo!" Honi alihamia chama kilichoshinda, na nasikia huko nako ameshaahidi kulala barabarani kwa ajili ya mtu.

Mimi nilifungua kibanda cha kuchapa na kutoa nakala, karibu na mahakama. Wateja hawakosekani.

Miezi miwili baadaye, saa nne asubuhi, nikasikia, "Hodi, binti yangu."

Nguzo. Peke yake. Hakuna dereva wala mtu wa kumshikia begi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nichapie barua ya kujiuzulu."

Sikuuliza kitu. Akanisomea, nikachapa. Mistari minne, safi, haina lawama kwa mtu. Nilipomkabidhi aliisoma, midomo ikitikisika, na nikasema moyoni: hatimaye. Hata hasira yangu ilianza kuyeyuka. Nilitaka kumwomba asiihesabu hiyo kama kazi ya mteja, aihesabu kama zawadi.

Akaikunja, akaitia mfukoni. Lakini hakuinuka.

"Kuna nyingine," akasema. "Andika hivi: Sisi wanachama, kwa maelfu yetu, tumepokea kwa mshtuko barua ya mwenyekiti wetu mpendwa, na tunaikataa..."

Vidole vyangu vikasimama juu ya herufi.

"Mzee, hii inatoka kwa nani?"

"Kwa wanachama."

"Wako wapi?"

Akageuka, akatazama barabara. Palikuwa na mama anauza maandazi na wakili anatafuta kalamu mifukoni.

"Mzee," nikamwambia taratibu, "hiyo waje wanachama wenyewe, nitawachapia."

Akafikiri. "Sawa," akasema. "Nitawasubiri."

Akakaa kwenye benchi langu la wateja, mikono juu ya magoti, shingo imegeukia barabarani. Wateja wakaja, wakaondoka. Nilimpa maji, akashukuru. Jioni nilipofunga kibanda ilibidi nimwombe asimame ili niingize benchi ndani.

Mimi nimejifunza hivi. Mtu anayetaka kuondoka huchukua kofia yake akaondoka. Anayeita kikao kuuliza kama aondoke, huyo anatafuta wa kumwimbia.

Na wewe uliyekabidhiwa katoni uhesabu, hesabu vizuri, lakini weka sweta lako karibu.