Nilisafisha gunia la mtafiti, nikatupa alichokuwa anakitafuta

Wakuu, salaam. Humu nimekuwa msomaji kimya muda mrefu. Mimi niliishia darasa la saba, naandika polepole, mnivumilie. Haya yalinikuta mwenyewe, sitii chumvi.

Miaka ile ya tisini serikali ilikuwa imeachia biashara ya nafaka kwa watu binafsi, malori yanashusha Kariakoo maharage ya kila mkoa.

Mimi nilikuwa nachambua maharage dukani kwa Mchaga mmoja, wote tukimwita Mangi. Mteja akinisemesha, naangalia ungo.

Kariakoo mteja anataka rangi moja. Yenye madoa, meusi, madogo, yote unatoa. Hayo alikuwa anachukua Mama Zuhura, mama ntilie wa Buguruni.

Siku hiyo lori likaleta gunia moja kutoka Kigoma, la Dada Neema, mtafiti wa mimea.

Mangi akaniambia, "La daktari hilo, atalifuata kesho. Litunze."

Mimi nikaona kutunza ni kusafisha. Nikachambua kutwa nzima, yakabaki ya njano matupu, yanang'aa; mengine Mama Zuhura akayabeba kama kawaida. Nilijisikia fahari, nisiwadanganye.

Kesho yake Dada Neema akaja, akafungua, akapitisha mkono ndani ya gunia.

"Nani kachambua?"

Mangi akacheka. "Dokta, si usafi huo? Nani anakula madoadoa?"

Akatueleza taratibu. Mwaka ule ugonjwa wa kutu ulikausha mashamba ya maharage kule, shamba la mzee mmoja likapona. Mzee anapanda mchanganyiko, kama babu zake.

Yeye alitaka kulinganisha DNA ya kila aina, yaani yale maelekezo yaliyo ndani ya mmea, aone zinatofautiana wapi. Ya njano yapo kila soko. Mengine hayapo. Mbegu aliyobaki nayo mzee ilishaliwa na wadudu. Gunia hili alilompa ndilo lilikuwa limebaki.

Wakuu, mdomo ukafunguka wenyewe. "Nitayarudisha."

Nikaenda Buguruni kwa miguu, nusu nakimbia. Nikakuta Mama Zuhura ameshayaloweka kwenye ndoo, jiko linawaka.

"Shikamoo mama. Naomba hayo maharage."

"Marahaba. Heee! Bubu wa Mangi leo anaongea!" Wateja wakacheka. "Yako majini mwanangu. Mchana nipakue nini, moshi?"

Siku nyingine ningegeuka. Siku ile nilishika mpini wa ndoo, sikuuachia. Nikamwambia nitamletea ya njano, na kesho nitakuja kumpepelea jiko.

"Mpaka niseme basi," akasema. Akaniachia ndoo.

Njia nzima nilikuwa na hofu. Nilijua maharage yakilowa hayakai, yanaoza.

Dada Neema akatumbukiza mkono, akatabasamu. "Hayajapikwa, bado yako hai. DNA naitoa kwenye majani machanga. Tupande leo leo."

Tukapanda kwenye makopo ya mafuta nyuma ya duka. Nilitenga kwa macho, nikapata aina tisa. Kila kopo nikaliandika rangi na madoa yake, herufi moja moja. Dada Neema hakuniharakisha.

(Jiko la Mama Zuhura nililipepea siku tatu. Alichelewa sana kusema basi.)

Majani yakaenda maabara. Dada Neema akarudi kuniambia kopo moja nililoandika aina moja, ndani mlikuwa na aina mbili.

"Macho yako mazuri," akasema, "ila huko hayafiki."

Miche akaihamishia shamba la utafiti, sehemu ya baridi inayofaa maharage. Baada ya mavuno, kimfuko cha mbegu kikapita dukani, kinarudi kwa mzee Kigoma. Mangi akanitania, "Vipi, hukichambui?"

Nikachukua sindano, nikakishona mdomo mwenyewe. Yenye madoa, meusi, madogo, yote ndani.

Nilichojifunza: kabla hujaita kitu uchafu, muulize mwenye nacho anakitakia nini. Na ukiharibu, sema, kisha ukatafute ndoo iko wapi.

Wakuu, kwenu mbegu za mchanganyiko bado zinapandwa? Mnaziitaje? Ntasoma zote, hata nikichelewa kujibu.