Mifuniko ya Mama Sahani

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kulisha seli, na maabara nzima ilimwita Mama Sahani. Kila mgeni wa kazi alitiwa adabu kwa sharti moja: andika ubavuni mwa kisahani cha kukuzia seli, usithubutu kuandika kwenye mfuniko, maana mfuniko hauna mwenyewe. Alikuwa mkali kwelikweli, hasa kwa wenye digrii.

Mwaka ule walichunguza kimeng'enya kimoja kinachokaa juu ya seli na kukatakata protini za jirani. Daktari, mkuu wao, alishuku kwamba ndicho kinachoifanya seli changa iwe seli ya mafuta, na ndicho hichohicho kinachoufungulia uvimbe wa saratani njia ya kutambaa. Kikizuiwa, pengine yote mawili yangekwama. Mama Sahani moyo ulimruka, kwa kuwa mdogo wake alikuwa na uvimbe kwenye titi. Akakimbilia kumwambia kwamba wanajaribu dawa ya kukizuia.

"Dada, ile dawa yenu vipi?" mdogo mtu akawa anauliza kila jioni.

Basi visahani sita vya seli changa vikapewa dawa ya kuzuia, sita vikaachwa. Asubuhi hiyo alikuwa mbioni kumpeleka mdogo wake kliniki, akaandika kwenye mifuniko. Eti kwa leo tu! Wiki mbili baadaye akaiondoa mifuniko, akaiweka mafungu mawili, akavitia visahani rangi inayoshika mafuta. Simu ikalia, ni mdogo wake. Aliporudi, akafunika.

Sita vilikuwa vyekundu, sita havikushika rangi hata chembe. Hivyo visivyoshika ndivyo vilivyokuwa na mifuniko iliyoandikwa "dawa". Daktari alipiga makofi, akaita watu.

Mama Sahani peke yake hakucheka. Fungu lipi la mifuniko lilikuwa kulia kabla ya ile simu? Alijitahidi kukumbuka, wapi! Huenda dawa imezuia mafuta, huenda imeyazidisha. Angenyamaza, nani angejua? Akawaza jioni, na lile swali la mdogo wake.

"Daktari, hayo matokeo yafute. Niliandika kwenye mifuniko."

"Wewe?"

"Mimi."

Daktari alivua miwani. "Haya. Tuanze upya."

Jioni mdogo wake alikuwa akikunja nguo. "Dada, dawa yenu vipi?"

"Hatujui. Nimeharibu mwenyewe. Na hata ikikubali, mdogo wangu, itachukua miaka kumfikia mtu. Hilo nilikuficha."

Mdogo mtu aliendelea kukunja.

"Nilijua tangu mwanzo, Dada. Nilikuwa nauliza kwa sababu ukishanipa matumaini, ndipo nawe unakula."