Mgongo wangu wa kuchuna chai ulivyoumbua mizani ya yadi ya scrap hapa Roret

Wakuu, chamgei kwa wa hapa, na salamu kwenu wengine wote. Mimi huwa nasoma tu kimya na kucheka, lakini leo nimeamua kuandika. Siongezi chumvi. Wale tulikuwa nao kwa laini siku hiyo, kama mko humu, njooni mnikosoe.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mkisii. Nilikuja Kericho nikiwa msichana kuchuna chai kwa estate, nikachuna miaka kumi na mbili.

Halafu machine zikaja. Watu watatu na machine moja wanamaliza shamba ambalo tulikuwa tunaingia akina mama ishirini. Tukaambiwa asanteni sana, na nyumba za kambi mtoke.

Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikanyamaza kwa sababu watoto wangu wawili walikuwa wananiangalia tu.

Bahati nzuri nilikuwa na kaploti huku upande wa Roret. Nilikuwa nimesimamisha nyumba ya udongo, kuta tayari, juu wazi. Fundi alisema inataka mabati ishirini na mbili. Mimi nilikuwa nayo kumi na mbili.

Na mvua ya huku mnaijua. Haijui likizo. Ukuta wa udongo usipopata paa mapema unarudi kuwa udongo tu.

Kwa hivyo vita yangu ilikuwa hiyo, wakuu. Mabati kumi kabla mvua kubwa ianze.

Nikaingia kwa scrap. Nilikuwa nanunua mabeseni ya plastiki sokoni, nazunguka boma kwa boma nikibadilishana na vyuma. Majembe yameisha, wheelbarrow bila gurudumu, spring ya gari, jiko limeoza, baiskeli ya marehemu. Mtu akiniletea kitu cha stima au cha barabara nilikuwa namwambia rudisha ulikotoa, mimi sitaki kulala cell.

Nilikuwa nimeulizia bei zote mbili, nikajua kama kilo ishirini za chuma zinanipatia bati moja. Basi hesabu yangu ikawa rahisi. Kilo mia mbili, na nyumba imefunikwa.

Hapa lazima niwaeleze kitu, la sivyo hamtaelewa kilichotokea.

Chai inapimwa mara kadhaa kwa siku. Unabeba mgongoni mpaka kwa mizani, clerk anasoma, anaandika. Sisi akina mama tulikuwa na mchezo. Kabla mzigo wako utundikwe unataja kilo zako. Anayekosea ananunua mandazi.

Mimi miaka kumi na mbili nimenunua mandazi mara chache sana. Kukosea kwangu ni nusu kilo. Sijivuni, ulizeni.

Sasa safari ya kwanza ya yadi. Nilibeba gunia moja mgongoni kutoka nyumbani mpaka huko, mgongo ukaniambia thelathini na tano. Mwenye yadi, mwanaume mmoja tunamwita Chairman kwa sababu anapenda kukaa kwa kiti akiongea na simu, akatundika kwa mizani yake.

"Ishirini na nane," akasema.

Nikashtuka. Lakini mnajua kosa nililofanya? Nilijilaumu mimi. Nikasema aki, chai ni majani, inakaa mgongo mzima, na chuma inakaa chini inavuta kiuno. Tena ni miezi saba sijabeba kikapu. Labda mgongo umesahau kazi.

Nikachukua pesa ya kilo ishirini na nane nikaenda zangu, kichwa chini.

Njiani nikapitia kwa rafiki yangu Chebet. Tulichuna mstari mmoja na yeye miaka mingi, na ana chai yake ndogo nyuma ya nyumba. Nikamwambia vile mgongo wangu umezeeka.

Chebet akaniangalia kama mtu amemtusi mamake.

"Mama Brian, wewe ukosee kilo saba? Wewe? Saba?"

Akainuka, akanitolea gunia la mbolea ya chai lililokuwa jikoni. Halijafunguliwa, uzi bado umeshonwa, kilo hamsini kama ilivyoandikwa.

"Beba. Ni ngapi?"

Nikabeba. Wakuu, nilisikia hamsini yote mpaka kwa kisigino. Mgongo wangu haukuwa na shida yoyote.

Hapo hasira ikanipanda. Hebu fikirieni. Nilikuwa nimebakisha vyuma kilo mia moja sabini nyumbani. Kwa mizani ya huyo mtu zingesoma mia thelathini na sita. Ukijumlisha na zile za kwanza, mabati mawili yamepotea hivi hivi. Mabati mawili ndiyo jikoni yangu! Mvua ingekuwa inanyesha kwa ugali ya watoto wangu.

Jumamosi asubuhi tukapakia vyuma kwa mkokoteni wa punda. Juu kabisa Chebet akaweka lile gunia la mbolea. Nikamuuliza kama hiyo si ya kuweka kwa chai yake wiki hiyo. Akasema chai itangoja.

Yadi ilikuwa imejaa. Laini ya watu kama kumi na wawili, kila mtu na vyuma vyake. Zamu yangu ikafika.

Chairman akaona gunia. "Mama, hapa hatununui mbolea."

Nikamwambia, "Siuzi. Nataka tu uisome."

Akaanza kucheka. Watu kwa laini wakasema si usome tu, ni dakika moja. Mimi na Chebet hatukungoja, tukalitundika wenyewe. Sindano ikapanda, ikatetemeka, ikakaa.

Arobaini.

Mzee mmoja wa mbele akavaa miwani, akasoma gunia, akasoma mizani, akasoma gunia tena.

Chairman akatoa jasho. Mnajua alisema nini? Alisema, "Hiyo mbolea imekauka njiani."

Woi! Watu walicheka mpaka punda akashtuka. Chebet akamuuliza, "Na vyuma zetu pia zilikauka?"

Basi kicheko kikaisha, kelele ikaanza. Kila mtu anataka apimiwe upya. Chairman akaona maji yamezidi unga. Akaingia nyumba ya nyuma, akatoka na mizani ingine. Hiyo ikasoma hamsini kamili. Kumbe ilikuwepo siku zote!

Vyuma vyangu vikasoma mia moja sabini na nusu. Mgongo ulikuwa umesema mia moja sabini. Na zile kilo saba za safari ya kwanza alinilipa bila kuniangalia usoni.

Siku hiyo nilitembea Roret kifua mbele kama mimi ndiye nimejenga hiyo soko. Mabati kumi, wakuu. Kumi!

Fundi alimaliza Jumatano. Alhamisi mvua kubwa ikafungulia, tukakaa jikoni mimi na watoto tukisikiliza vile inapiga, na hakuna tone liliingia. Chebet alikuja kunywa chai, tukawa tunapiga kelele ndio tusikizane.

Nilichojifunza ni hiki. Kazi ilinifuta, lakini kile mwili wangu ulijua hawakukichukua. Makosa yangu yalikuwa kuamini sindano ya mtu nisiyemjua kuliko mgongo wangu mwenyewe.

Siku hizi ukienda kwa ile yadi utapata gunia la mbolea halijafunguliwa limesimama kando ya mizani. Chairman mwenyewe alilinunua. Watu walikataa kupima bila hilo.

Haya, leteni maoni. Na wewe unayeuza maziwa, mahindi ama majani ukisomewa kilo, ni lini ulijipima mwenyewe mara ya mwisho?