Nyuzi Mpya Siku ya Kumzika Mwalimu

Msinicheke kwanza, maana mimi mwenyewe nilichelewa sana kulicheka jambo hili, na hata leo nikicheka ni mdomo tu. Niliwahi kumharibia mjane wimbo wa kumzika mumewe, mbele ya kijiji kizima, kwa kujifanya najua.

Marehemu alikuwa Mwalimu Eliaichi, aliyetufundisha kwaya kule kwetu Suji, na gitaa la umeme lilikuwa lake, la pekee pale mlimani. Miaka ile ya shida, sabuni yenyewe inapangiwa foleni, nyuzi za gitaa ungezitoa wapi? Mimi ni fundi baiskeli, kibanda changu kiko Same mjini, basi nikampelekea waya za breki, tukazifumua, akazifunga, akahangaika na gitaa lake wiki nzima mpaka likakubali. Lilikuwa na sauti nzito, ya kukwaruza kidogo, na kwa sauti hiyo alitunga wimbo wa Kipare wa kumshukuru Mungu kwa ajili ya mkewe. Alipofariki, huyo mkewe, Mama Naomi, akaniita akaniambia, “Mwanangu, sitaki mengi. Kesho nipigie ule wimbo wake, niusikie mara moja tu kabla hawajamfukia.”

Hapo ningeitikia, nikale makande na waombolezaji wenzangu, yakaisha. Lakini (kichwa changu hiki!) nilikuwa na pakiti ya nyuzi mpya mfukoni. Ruksa ya kufanya biashara huria ilikuwa imeshakuja, maduka ya Same yamejaa vitu vya kutoka ng’ambo ya mpaka, nami nilizinunua nimpelekee Mwalimu akiwa mgonjwa, nikawa nasema kesho, kesho, mpaka akafa. Hilo liliniuma. Nikajiambia Mwalimu hazikwi kwa waya za breki kama vile shida bado inatutawala. Asubuhi ya maziko nikashika koleo, nikazikatakata zile za zamani zote sita, nikafunga mpya, nyembamba, zinang’aa.

Kumbe ndani ya shingo ya gitaa mna chuma, na Mwalimu alikuwa amekikaza sana kishindane na waya za breki. Nyuzi nyembamba hazivuti vile, kwa hiyo chuma kikashinda, shingo ikapinda kwenda nyuma, nyuzi zikalala juu ya shingo na kuvuma kama nzi ndani ya chupa. Sasa fundi baiskeli akisikia kitu kinatetemeka, hufanya nini? Hukaza! Nikaiona nati ya hicho chuma pale kichwani mwa gitaa, nikaikaza, hali ikawa mbaya zaidi, nikaikaza tena (ilitakiwa kulegezwa, lakini nani aliniambia?), na kengele ya kanisa ikagonga nikiwa bado na spana mkononi.

“Fundi, mbona linalia hivyo?” akauliza Elisante, kiongozi wa kwaya.

“Likiunganishwa na spika litatulia,” nikamjibu. Uongo mtupu.

Kaburini tukaunganisha spika kwenye betri ya gari, mchungaji akatupa nafasi, nikapiga. Spika haikuficha kitu, ule mvumo ukasambaa bondeni kote. Kwaya yetu ilizoea kushika sauti kutoka kwenye gitaa, basi wanaume wakaenda chini, wanawake juu, mimi nikazidi kupiga kwa nguvu nikidhani nitawaokoa, mpaka uzi mmoja ukakatika ukanichapa shavuni. Mtoto akacheka. Watu wazima wakaanza kukohoa, kile kikohozi cha kuficha kicheko, na Mwalimu yuko palepale ndani ya jeneza. Nilitamani wanifukie mimi.

Mama Naomi akainua mkono, nikaacha. Akaja taratibu, akapitisha kidole juu ya nyuzi.

“Zile zake ziko wapi?”

“Nimezikata, Mama. Nilitaka apate nzuri.”

“Nzuri zilikuwa zilezile,” akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Kisha akauanzisha wimbo mwenyewe, sauti ikitetemeka, kwaya ikamfuata, udongo ukaanza kuingia. Mimi nimesimama na gitaa kifuani, sina pa kuliweka.

Baadaye mpiga gitaa mmoja wa Same alinionyesha: legeza nati kidogo, inua nyuzi kule chini zinakoegemea, subiri shingo itulie, kaza uzi mpaka sauti ikae. Kazi ya saa moja tu! Likalia tamu kuliko wakati wowote, nikapanda nalo mlimani, nikampigia Mama Naomi wimbo wote uani kwake. Akasikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho.

“Umepiga vizuri, mwanangu,” akasema. “Ila si yeye.”

Vile vipande vya waya nilivikusanya, ninavyo kwenye kopo la misumari, kirefu kuliko vyote hakifiki kiganja. Na tangu siku hiyo mtu akiniletea baiskeli yenye kitu cha zamani, hata kengele iliyopasuka, sigusi koleo kabla sijamuuliza.